Nilivyohamisha Nusu ya Kata ya Mama Ruth

Nyinyi vijana mnaokagua mizigo kwa picha za simu huku mmejilaza kitandani, siwalaumu. Ni zama zenu. Lakini kila mkija kunitembelea hapa Kihonda mnaniuliza, "Bi Mwanaidi, siri ya ukaguzi ni nini?" nami hubabaika. Mnataka neno moja tamu la kuondoka nalo. Mimi nikifungua mdomo, kinachonijia ni kata moja ya Marekani, ya wakulima wa mahindi, ambayo sijaikanyaga hata siku moja. Mnatazamana kwa pembe za macho, mnadhani bibi kaanza. Haya, leo kaeni. Na msipoelewa msijilaumu, maana mimi mwenyewe mwaka ule sikuwa naelewa kitu, toka asubuhi mpaka jioni.

Ngozi nilijifunzia hapahapa Morogoro, kiwandani, tangu kuloweka mpaka kupaka rangi. Kiwanda kikafa, nikaenda kuuza mikoba Kariakoo. Mwishoni mwa miaka ya tisini matajiri wangu wawili walikuwa wamechoka kuletewa mikoba inayobanduka kabla haijatoka dukani, wakaniambia, "Dada, nenda wewe ukawe macho yetu." Nikajikuta Guangzhou, China, chumba kimoja mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya tano, lifti hakuna. Siku hizo Waafrika tulikuwa tunahesabika. Ukisikia mtu anasema Kiswahili ngazini unatoka mbio na ndala mguu mmoja, umwone ni nani.

Kazi yenyewe ilikuwa Shiling, mji wa mikoba, mwendo wa basi kutoka mjini. Harufu ya gundi inakupokea hata hujashuka. Naingia karakana hii, natoka naingia ile, nakagua kabla mzigo haujafungwa. Hapa sikilizeni, hili nawapa bure. Ngozi usiitazame kwanza, inuse. Ikinuka plastiki, iweke chini uende zako. Kisha ikunje: ya kweli hukunjamana kama kiganja cha mtu mzima, ya bandia inavunjika mstari mmoja. Uzi uchome ncha kwa kiberiti. Ukiyeyuka ukawa kitone kigumu, hiyo si pamba, hata kama wamekuapia. Bitana itazame juani. Ngozi ya nguruwe ina vitundu vitatu vitatu, na nusu ya wateja wetu ni Waislamu, mtu asije akabeba msahafu ndani ya nguruwe kwa uzembe wako. Na mwezi wa nne usifunge mzigo wa ngozi. Guangzhou mwezi huo kuta zinatoa jasho. Mkoba unaingia kwenye kontena ukiwa mweusi, Dar unatoka una ndevu nyeupe kama sheikh.

Aliyenifunza kazi hasa hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa mzee Liang, mchoraji na mkataji wa vipande vyote katika karakana moja ya Shiling. Kila mtu alimwita Shifu, ndivyo Wachina wanavyomwita fundi aliyebobea, nami nikafuata. Mwezi wangu wa kwanza nilikagua mikoba ya juu ya kila boksi, nikasaini, nikaenda kula. Kumbe chini ilipangwa ile isiyo na zipu. Dar walinitukana mpaka simu ikapata moto. Niliporudi karakanani nimevimba kwa hasira, Shifu Liang alinivuta kando, akatoboa boksi ubavuni, akapitisha mkono mpaka kiwiko, akachomoa mkoba wa katikati kabisa. Akaugonga kwa kidole: anza na huu, siku zote. Mfanyakazi wao mwenyewe ananifunza kuwakamata wao! Sikumwelewa hata kidogo. Nilimpenda tu tangu siku hiyo.

Tulizungumza kwa Kichina changu cha sokoni, vidole na penseli. Ndiyo nikajua habari zake. Bosi wa karakana, Bwana Feng, alikuwa akimtafutia sababu ya kumtoa. Shemeji yake Feng alisomea kuchora kwa kompyuta, na alitaka meza. Shifu Liang alikuwa akiishi chumba cha nyuma ya karakana na mkewe, mama wa watu miguu haimchukui tena. Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo na kila mtu pale aliyajua: maadamu hakuna mzigo uliorudishwa kwa kosa la Liang, meza ni yake na chumba ni chake. Ukirudi mmoja, anatoka, yeye na mkewe. "Miaka kumi na moja," aliniambia akicheka, "hakuna uliorudi."

Basi ndipo ikaja faksi ya Mama Ruth.

Mama Ruth alikuwa muuguzi wa Kimarekani kwenye hospitali ya misheni, jirani yetu nilipokuwa binti. Wadogo zangu wote watatu wamezaliwa mikononi mwake. Uzee ulipomwingia alirudi kwao, mashambani Iowa, na huko wakamchagua karani wa kata. Barua hazikukatika kati yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha misheni, kimenyooka kuliko changu.

"Mpendwa Mwanaidi," aliandika, "nakusalimu katika jina la Bwana. Najua, najua, lakini pokea tu. Mwezi wa tisa kata yetu inafanya sherehe ya kuzaliwa kwake. Nataka kila mtu wa kata apewe kipande cha ngozi cha kutundikia funguo, chenye ramani ya kata, na tundu dogo kwenye mraba anaoishi yeye. Tuko watu mia tatu na arobaini na mmoja. Orodha ya kila mraba iko chini. Sitaki mtu asahaulike."

Nikafurahi kama mtoto. Mama Ruth kaniomba kitu, mimi! Kisha nikaitazama ramani, furaha ikaniganda usoni.

Kata ile ilikuwa mraba. Wanangu, nasema mraba, wa kuchorwa kwa rula. Maili sita kwenda juu, maili sita kwenda kando, na ndani imekatwa miraba midogo thelathini na sita, kila mmoja maili moja kwa maili moja, umeandikwa namba yake. Barabara zimepita juu ya mistari hiyohiyo, zimenyooka tu, hazikwepi kitu. Kilichopinda peke yake ni kijito kimoja, kimekatiza pembeni kama kimeingia kwa kuiba. Mimi kata ninazozijua zina umbo la mguu wa mbuzi, au la kitu usichoweza kukitaja mbele za watu. Nikaigeuza faksi, labda imekaa vibaya. Mraba ukiugeuza ni mraba.

Nikamuuliza kwa faksi: Mama, mji wa kata uko wapi? Soko? Stendi? Akajibu kwa upole wake: "Mji hakuna, mwanangu. Kuna ukumbi wa kata, kanisa moja, viwanja viwili vya makaburi na gari la zimamoto. Kata yetu kazi yake ni kuangalia makaburi na kuzima moto. Vingine ni mahindi, soya na nguruwe. Waliopima ardhi walipiga mistari kwanza, wakulima wakaja baadaye wakaingia ndani ya mistari. Wenyeji waliokuwapo kabla hawakuulizwa."

Ndiyo kwanza nikazidi kupotea. Na orodha ya watu ndiyo ikanimaliza. Mraba wa tatu, watu kumi na wanne. Mraba wa kumi na tano, mtu mmoja. Mraba wa ishirini na mbili, hakuna. Maili moja kwa maili moja, hakuna mtu! Jengo langu la Xiaobei peke yake lilikuwa na watu wengi kuliko kata nzima ya Mama Ruth, na sisi tulikuwa tunagombania bomba moja la kufulia. Nikaandika tena: huyo mmoja wa mraba wa kumi na tano, nani anamsalimia? Akajibu: "Wanaopita kwa gari humpungia mkono." Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Nilimwonea huruma mzee yule nisiyemjua, kisha nikajiambia labda yeye ndiye angenionea huruma mimi.

Palikuwa na Mkongomani wa Lubumbashi, Papa Anselme, mnunuzi wa mabegi ya shule, mtu wa suti hata kwenye joto. Tulikuwa tukila pamoja tambi za Waislamu wa Kichina karibu na mtaa wa Dengfeng, yeye akisali kimoyomoyo, mimi nikisema bismillahi. Nikamtandazia ramani mezani.

"Bon," akasema, "hii ni commune ama ni shamba ya mutu moya?"

"Ni kata. Ina karani na kila kitu."

"Na bantu beko wapi? Miye minaona tu mistari." Akavaa miwani. "Tena angalia, Mama Mwanaidi, namba baliigeuza. Moya inapashwa kuwa kushoto. Hawa bameweka kuume."

Hapo nikampata. Kweli, mstari wa juu ulianzia kulia: moja iko pembeni kabisa kulia, inakwenda mbili, tatu, mpaka sita iko kushoto. Nikamwambia, "Papa Anselme, wewe umesomeshwa na mapadri wa Kifaransa. Mimi nimekaa chuoni kwa maalim miaka saba. Msahafu unaanzia kulia. Hapa hakuna kosa lolote." Akacheka, akainua mikono. Nikajiona bingwa. Na kwa ubingwa huohuo nikashuka mstari wa pili, nikashtuka.

Mstari wa pili ulianzia kushoto. Saba imekaa chini ya sita, halafu inarudi nane, tisa, mpaka kumi na mbili kulia. Wa tatu ukaanzia kulia tena. Wa nne kushoto. Na hivyo hivyo mpaka chini.

"Hapa," nikasema, "Mama Ruth alisinzia."

"Voilà," akasema Papa Anselme, "hapo tunapatana."

Kesho yake nikaipeleka Shiling. Shifu Liang aliitandaza juu ya meza yake, akaishika kingo kwa vidole viwili viwili. Kwanza hakutazama namba, alitazama orodha. Nikamtafsiria: hapa watu kumi na wanne, hapa mmoja, hapa hakuna. Akaweka kidole kwenye mraba wa ishirini na mbili, akaniangalia, akauliza neno moja. Nilikuwa nalijua: njaa? Kwake yeye, mzee wa umri ule, shamba kubwa hivyo lisilo na mtu lilikuwa na maana moja tu. Nikamwambia sijui, nadhani hapana, nadhani wana mashine. Hakuridhika. Alikitoa kidole taratibu pale, kama anaogopa kukanyaga.

Kisha akatazama namba. Mstari wa juu kuanzia kulia haukumshangaza, maana maandishi yao ya zamani nayo huanzia kulia. Alikubali moja mpaka sita kwa kichwa. Alipofika saba akasimama, kama mimi. Akachukua penseli, akaonyesha: hii saba si ingekuwa huku, kulia, chini ya moja?

Tazameni balaa lilivyojipanga. Angekuwa fundi wa Kifaransa, au yeyote anayesoma kutoka kushoto, angeshtuka tangu mstari wa kwanza, angesema hii karatasi yote siielewi, tuulize. Sisi wawili, kwa sababu ya maalim wangu na walimu wake, tulielewa mstari wa kwanza vizuri kabisa. Ndiyo maana hatukuuliza. Tuliona kosa la bibi kizee aliyechoka macho, tukalisahihisha kwa mapenzi. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu: "Badilisha." Nikachukua penseli mkononi mwake, nikaandika saba kulia, nikashuka mpaka thelathini na sita.

Utaratibu ulikuwa huu. Fundi anatengeneza kipande kimoja cha mfano, mteja au mkaguzi wake anakagua, anakisaini nyuma, kinatundikwa kwenye msumari juu ya meza ya fundi. Ndicho sheria. Mzigo ukija na kosa ambalo limo kwenye sampuli iliyosainiwa, kosa ni la mteja. Ikiwa hakuna sampuli yenye saini, kosa ni la karakana. Nilisaini kwa mbwembwe zote, Mwanaidi binti Salum, na mkia wa herufi ya mwisho nikauzungusha. Kikatundikwa.

Wakachonga muhuri wa shaba. Wakakata ngozi nzuri ya ng'ombe, nimeinusa mwenyewe. Wakapiga ramani kwa moto, kisha wasichana wawili wakakaa na orodha wakitoboa: kumi na wanne mraba wa tatu, mmoja mraba wa kumi na tano. Nilikagua kuanzia katikati ya boksi, nikahesabu kila mraba mara mbili. Hakuna mzigo niliowahi kuukagua kwa makini vile. Vipande sita nikavitanguliza kwa ndege Mama Ruth avione.

Akapiga simu. Mchana wa kwao ulikuwa umekwisha, kwetu asubuhi, nikaitwa kwenye duka la simu pale Dengfeng. Sauti yake niliijua hata hajasema jina.

"Mwanaidi, mwanangu," akasema, "umenihamisha."

"Nimekuhamisha vipi, Mama?"

"Mimi naishi mraba wa saba, magharibi kabisa. Kipande changu kinasema naishi mashariki kabisa, juu ya nguruwe wa jirani. Nusu ya kata umeihamisha. Nani amegeuza namba?"

Nikamuuliza mimi kwanza: Mama, kwa nini mstari wa pili unarudi? Akashangaa swali. Akasema, "Wewe si umelima? Ukifika mwisho wa tuta, unatembea mikono mitupu mpaka ulikoanzia, au unageuka palepale unarudi ukilima? Waliopima nao walihesabu hivyo, wanageuka tu. Namba zetu zote ziko hivyo, kata zote."

Nililima mimi, wanangu! Shamba la mpunga la bibi yangu, utoto wangu wote, tukifika mwisho tunageuka tunarudi. Sikupata hata siku moja kurudi mikono mitupu. Na bado sikuona. Nilisimama na simu sikioni, mwenye duka ananiangalia, nikaona aibu mpaka kwenye visigino. Kwa hiyo mkitaka neno langu, hilo hapo: mteja akichora kitu kinachoonekana cha kichaa, muulize. Muulize hasa pale unapodhani nusu yake umeielewa.

"Vitengenezwe upya, mwanangu," Mama Ruth alisema. "Bado kuna muda. Nani hakosei."

Vilitengenezwa. Niwarukishe mbele kidogo: vilifika, sherehe ikafanyika kwenye ukumbi wao, Mama Ruth akaniandikia kwamba yule mzee wa mraba wa kumi na tano alikitazama kipande chake muda mrefu, akakitia mfuko wa shati badala ya kukitia funguo. Watu waliotegemewa walikuwa mia tatu na arobaini na mmoja. Mmoja alikuwa amezikwa wiki ile na wawili wamezaliwa, kwa hiyo mtoto mmoja akakosa. Akaandika pia: "Mpe salamu zangu fundi aliyetusahihishia." Nikamjibu kwamba nitampa.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu hapo katikati nimewarukisha, na nimewarukisha makusudi.

Siku ile baada ya simu nilipanda basi kwenda Shiling. Njia nzima najipanga: nitaingia, nitamwambia Feng, kosa ni langu, tazama saini. Nilijua pia kitakachofuata. Xiaobei ilikuwa ndogo. Mkaguzi aliyebadili mchoro wa mteja kwa penseli yake mwenyewe, nani atampa tena mzigo akague? Ningerudi Kariakoo na sanduku langu. Hayo yote nilikuwa nayajua, na nilikuwa nimeshaamua, naapa nilikuwa nimeamua.

Nikaingia. Kumbe Mama Ruth alishawapelekea faksi wao pia, kwa Kiingereza, na Feng amesimama katikati ya karakana anaitikisa. Mzigo umekataliwa, basi umerudi! Nani kabadili namba? Wasichana wameinamisha vichwa. Shifu Liang yuko mezani kwake, mikono juu ya meza. Feng akamuuliza, sampuli iko wapi? Nami nikatazama msumarini.

Msumari ulikuwa mtupu.

"Meiyou," akasema Shifu Liang. Hakuna. Akasema imepotea, hakuna mteja aliyesaini, namba alibadili yeye, macho yake yamezeeka.

Nilichanganyikiwa. Nilidhani imeanguka, nilidhani imefagiliwa. Nilidhani mzee kasahau. Nilitafuta kila jibu isipokuwa lile moja, na nilipokuwa nikitafuta, mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Feng hakutaka kusikia zaidi. Sababu aliyoitafuta miaka yote alikuwa ameipata. Akageuka kwangu, akaniinamia kwa heshima, akaniomba radhi mimi kwa niaba ya karakana. Akasema vitatengenezwa vipya, kwa gharama ya karakana, shemeji yake atachora. Nami nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia, wanangu.

Siku mbili sikula vizuri. Papa Anselme akaniuliza kama ninaumwa, nikasema ni joto. Siku ya tatu nikarudi Shiling nikaseme. Sikufika karakanani. Niliwakuta kituo cha basi, Shifu Liang na mkewe, mama amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, amemshikia mumewe kikombe chake cha chai cha chupa. Walikuwa wanakwenda kwao mkoani, safari ya siku mbili.

Nilianza kusema, Kichina kikanikimbia chote. Yeye akatia mkono ndani ya koti, akatoa kipande cha ngozi, akakigeuza nyuma. Jina langu, na mkia wake wa mbwembwe. Alikitoa msumarini mwenyewe, asubuhi ile ile, alipoisikia habari ya faksi, kabla Feng hajaja.

"Tumekosea wawili," akaniambia taratibu, kwa maneno mepesi ili nielewe. "Atoke mmoja. Mimi ni mzee, wewe bado." Akakiweka kiganjani mwangu, akanikunja vidole juu yake.

Karakana ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Feng alikuwepo. Ngozi yenye saini yangu ilikuwa mkononi mwangu, na mama yule alikuwa ananitazama kutoka juu ya godoro. Ningeweza kumwambia Shifu, simama hapa, nakwenda, nakuja. Basi lao lilikuwa halijafika hata.

Nilimwambia asante. Nikamsaidia kupandisha godoro.

Nilifanya kazi Guangzhou miaka tisa mingine, na kila mtu anawaambia Bi Mwanaidi alikuwa mkaguzi hodari. Kwa Kichina nilikuwa nikijua kusema hapana kwa namna nne, maana hiyo ndiyo kazi ya mkaguzi. Siku ile sikutumia hata moja.